Njia ya Sfakia: Jeshi Lilivyorudi Nyuma Kutoka Krete, 1941

Mei 1941 ilimkuta Jenerali Archibald Wavell, kamanda mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Mashariki ya Kati, akiwa na vita vingi kuliko askari. Huko Libya, Jenerali Rommel wa Ujerumani alikwisha kumsukuma hadi mpaka wa Misri. Iraki ilikuwa imeasi. Kusini mwa Ethiopia, vijana wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa bado wanapambana na Waitaliano. Ugiriki bara nayo ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wajerumani mwishoni mwa Aprili. Wanamaji wa Uingereza waliwaokoa askari wapatao 50,000 kutoka fukwe zake, na karibu nusu yao wakashushwa katika kisiwa cha jirani, Krete.

Walishuka wakiwa wamechoka, na vifaa vyao vingi wameviacha bara: mizinga, malori, redio. Wengine hawakuwa hata na sepetu, wakachimba mahandaki kwa kofia za chuma. Tarehe 30 Aprili ulinzi wa kisiwa alikabidhiwa Meja Jenerali Bernard Freyberg wa New Zealand, mtu mwenye makovu mengi ya Vita Kuu ya Kwanza na nishani ya Victoria Cross. Chini yake walikuwapo Waingereza, Waaustralia na watu wa New Zealand wapatao 32,000, pamoja na Wagiriki kama 10,000 ambao wengi wao walikuwa na risasi za kuhesabu. Ndege za kivita zilikuwa chache tangu mwanzo, na zilizosalia ziliondolewa tarehe 19 Mei ili zisiteketezwe ardhini.

Kisiwa chenyewe hakikuwasaidia. Krete ina urefu wa kilomita 260 hivi, na magharibi yake imegawanywa na Milima Myeupe, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,400. Chochote ambacho jeshi linakihitaji kiko kaskazini: bandari ya Souda, miji ya Chania, Rethymno na Heraklion, viwanja vya ndege, na barabara kuu. Kaskazini ndiko kunakotazamana na Ugiriki, yaani na adui. Kusini, upande wa Misri, milima inateremka moja kwa moja hadi baharini. Wasomaji wa Biblia wanaijua pwani hiyo. Ndiko alikopitishwa Paulo akipelekwa Roma, pale Bandari Nzuri ilipoonekana haifai kukaa wakati wa baridi, mabaharia wakajaribu kuifikia Foinike kabla dhoruba haijawachukua. Wataalamu wengi huiweka Foinike karibu na Loutro, mwendo mfupi magharibi ya kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Sfakia. Jeshi lililoingia Krete kwa mlango wa kaskazini lingelazimika, likishindwa, kutokea huko.

Miavuli juu ya mizeituni

Asubuhi ya tarehe 20 Mei, baada ya mabomu kuporomoshwa tangu alfajiri, mnamo saa mbili zilitokea ndege zisizo na injini zikiteleza kimya kimya kuelekea Chania na uwanja wa ndege wa Maleme. Nyuma yake zikaja ndege za uchukuzi za Ju 52, zikiruka chini na polepole, zikimwaga watu. Wajerumani walikuwa na ndege kama 500 za aina hiyo kwa kazi hii. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo kisiwa kikubwa kivamiwe kutoka angani.

Mwavuli wa Mjerumani ulikuwa na kasoro iliyogharimu maisha ya wengi. Kamba zake zilikutana mgongoni, nyuma ya mabega, kwa hiyo mrukaji alining'inia kifudifudi bila uwezo wa kuuongoza, akatua kwa kuanguka mbele juu ya mikono na magoti. Hakuweza kuruka na bunduki ndefu mwilini. Wengi walishuka na bastola na mabomu ya mkono tu, huku bunduki na bombomu zikishushwa kando ndani ya makasha yenye miavuli yake. Aliyetua salama alipaswa kwanza kulitafuta kasha, na kasha mara nyingi lilikuwa limeangukia uwanja wazi mbele ya mtutu wa adui. Mashariki ya Maleme, batalioni moja ya wavamizi ilishuka juu ya vikosi vya New Zealand vilivyojificha chini ya mizeituni. Kati ya watu wake 600 hivi, wapatao 400 waliuawa.

Wanakijiji nao waliingia vitani. Wazee, wanawake na makasisi walitoka na bunduki za kuwindia, mashoka na mundu. Vijana wengi wa Krete waliokuwa jeshini walikuwa wamekwama bara, kwa hiyo waliobaki nyumbani ndio waliopigania mashamba yao.

Jioni ilipofika, Jenerali Kurt Student, aliyepanga uvamizi akiwa Athens, alikuwa karibu kushindwa. Heraklion na Rethymno watu wake walikuwa wamebanwa. Hakuna uwanja wa ndege hata mmoja uliokuwa mikononi mwake, na bila uwanja asingeweza kuwaletea msaada.

Kilichomwokoa kilitokea usiku huo Maleme, kwenye kilima kilichoandikwa 107 katika ramani. Luteni Kanali Leslie Andrew, kamanda wa Batalioni ya 22 ya New Zealand, naye mwenye Victoria Cross, alikuwa amepoteza mawasiliano na kombania zake za mbele. Redio yake ilikuwa dhaifu na waya za simu zilikuwa zimekatwa na mabomu. Vifaru vyake viwili alivituma mbele mchana: kimoja kiligundua kwamba risasi zake haziingii katika mzinga wake, cha pili kikakwama katika mto Tavronitis. Aliomba msaada kwa mkubwa wake, ukachelewa. Akiamini kombania za mbele zimekwisha, akawaondoa waliobaki gizani. Zile kombania zilikuwa bado zinashikilia nafasi zao. Zilipotambua kwamba zimebaki peke yake, nazo zikaondoka, na kulipokucha Wajerumani wakaukuta uwanja hauna mwenyewe.

Tarehe 21 ndege za Ju 52 zilianza kutua Maleme huku mizinga ikizipiga. Ziliwaka, zikagongana, zikarundikana kando ya uwanja, lakini nyingine ziliendelea kutua na kumwaga askari wa milimani wa Divisheni ya 5 ya Jenerali Julius Ringel. Mashambulizi ya kuurudisha uwanja yaliamriwa yafanyike usiku huo. Batalioni ya 20, iliyokuwa ishambulie pamoja na Batalioni ya 28 ya Wamaori, haikuruhusiwa kuondoka ilipo mpaka ipokewe lindo na batalioni ya Australia iliyoitwa 2/7, kwa sababu makamanda walikuwa wakihofia pia uvamizi wa baharini. Waaustralia walicheleweshwa njiani na mabomu. Mashambulizi yaliyopangwa kuanza usiku wa manane yakaanza karibu na alfajiri, na mwanga wa mchana ukazileta ndege. Wamaori na wenzao walifika karibu, wakarudishwa. Kuanzia hapo kila saa iliyopita ilimwongezea Ringel watu.

Amri ya kuondoka

Baharini manowari za Uingereza zilifanya kazi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 22 zilizitawanya mashua zilizokuwa zinawaleta Wajerumani kutoka visiwa vya Ugiriki. Lakini mchana bahari ile ilikuwa ya ndege. Tarehe 22 zilizama manowari Gloucester na Fiji, na kesho yake Kelly na Kashmir.

Nchi kavu mstari ulirudi nyuma kijiji kwa kijiji kuelekea Chania. Tarehe 25 kijiji cha Galatas kilichukuliwa. Jioni hiyohiyo Luteni Kanali Howard Kippenberger alikusanya watu wa Batalioni ya 23 na wengineo waliosalia, wakatanguliwa na vifaru viwili vyepesi, wakakirudisha kijiji kwa singe, nyumba kwa nyumba. Usiku huo wakaamriwa kukiacha, kwa kuwa hapakuwa na nguvu ya kukishikilia. Vita hivyo vilinunua saa chache tu, lakini bila saa hizo mstari wote ungevunjika palepale.

Tarehe 26 Freyberg alimwarifu Wavell kwamba watu wake wamefika mwisho wa uwezo wao. Ruhusa ya kuondoka ilikuja tarehe 27. Wakati huo umati wa wasio wapiganaji, mafundi, makarani, wapishi na watu walioachana na vikosi vyao, ulikuwa tayari njiani kuelekea kusini.

Ili umati huo upite, mtu alipaswa kusimama mlangoni. Asubuhi ya tarehe 27, magharibi ya Souda, mabaki ya batalioni za New Zealand na Australia yalijipanga kwenye njia iliyopita katikati ya mizeituni, ambayo askari waliiita Mtaa wa 42 kwa jina la kombania ya wahandisi wa Kiingereza iliyowahi kupiga kambi hapo. Askari wa milimani wa Ujerumani walipokaribia, Wamaori waliinuka na singe huku wakipiga haka, ngoma yao ya vita, na jirani zao wakainuka pamoja nao, wakiwemo Waaustralia wa 2/7. Wajerumani, waliozoea kuona migongo ya watu hao kwa siku kadhaa, walikimbia wakiacha maiti nyingi. Siku nzima hawakusogea tena upande huo.

Wakati huohuo batalioni za Kiingereza zilizopelekwa mbele usiku uliotangulia kushika njia ya Chania zilijikuta zimezingirwa, kwa sababu amri za pande mbili zilipishana. Wachache ndio waliorudi.

Kupanda na kushuka

Kutoka Souda hadi Sfakia ni zaidi ya kilomita 60. Barabara inapita Stylos na Vrysses, inapanda milima kwa kona kali, inaingia katika uwanda wa Askifou uliozungukwa na vilele pande zote, kisha inafuata bonde la Imbros kuelekea baharini. Mwaka 1941 haikufika baharini. Ilikuwa haijamalizwa kujengwa, ikaishia juu ya ukingo wa mlima. Kutoka hapo palikuwa na njia ya mbuzi na punda, ikijipindapinda juu ya mawe hadi chini.

Watu walitembea usiku na kujificha mchana chini ya miti na miamba, maana ndege zilipita kila mara zikipiga barabara kwa risasi. Kiu iliwaumiza kuliko njaa. Visima vya vijijini vilizungukwa na mamia wakigombea tone. Kando ya njia zilitapakaa blanketi, mikoba, vyombo vya kupigia chapa, na bunduki za waliokata tamaa. Viatu vilivyokuwa vimechoka tangu Ugiriki viliachia soli juu ya mawe makali, na majeruhi walioweza kusimama walitembea pamoja na wazima.

Nyuma yao vikosi vya lindo vilipokezana. Tarehe 28 watu wa Batalioni ya 23 walipigana Stylos kutoka nyuma ya ukuta wa mawe, na Sajini Clive Hulme akajeruhiwa hapo. Ushujaa wake kisiwani ulimpatia Victoria Cross. Siku hiyohiyo, kusini zaidi, makomando wa Kanali Robert Laycock, walioletwa Souda siku chache tu kabla, waliizuia njia Babali Hani pamoja na Waaustralia hadi giza likaingia. Tarehe 29 Brigedi ya 4 ya New Zealand ililinda Askifou. Tarehe 30, Wajerumani walipojaribu kupenya kwenye korongo karibu na ufuko, Luteni Charles Upham, aliyekuwa amedhoofishwa na kuhara damu na majeraha, aliwapandisha watu wake juu ya mteremko na kuwapiga risasi Wajerumani 22 kutoka juu. Naye alipata Victoria Cross, na baadaye huko Misri akapata ya pili, jambo ambalo hakuna askari mwingine mpiganaji aliyelifikia.

Kosa la Wajerumani liliwapa nafuu pia. Ringel alidhani jeshi linakimbilia mashariki, akaelekeza nguvu zake kubwa Rethymno. Waliotumwa kufuata njia ya Sfakia hawakutosha kulivunja lindo.

Heraklion na Rethymno

Heraklion, ambako wavamizi walikuwa hawajashinda hata kidogo, askari wapatao 4,000 walipakiwa melini usiku wa kuamkia tarehe 29. Uondokaji wenyewe ulikwenda vizuri, lakini safari ikawa balaa. Usukani wa manowari Imperial ulikwama, ikabidi watu wahamishwe na meli izamishwe na wenzake. Kwa kuchelewa huko, msafara ulikuwa bado karibu na viwanja vya ndege vya adui kulipopambazuka. Hereward ikapotea. Orion, iliyojaa watu hadi chini, ilipigwa mabomu, wakafa kama 260 ndani yake.

Rethymno hakuna meli iliyokwenda. Luteni Kanali Ian Campbell na batalioni zake mbili za Australia walikuwa wameushika uwanja wao tangu siku ya kwanza, wakamteka hata kamanda wa Wajerumani waliowashambulia, Kanali Alfred Sturm. Amri ya kuondoka haikuwafikia. Campbell aliendelea kulinda uwanja ambao amri yake ilikuwa imekwisha kubadilika, mpaka tarehe 30 vifaru na mizinga ya Wajerumani ilipomfikia kutoka magharibi. Chakula kimeisha, risasi zimeisha, akasalimu amri. Luteni Kanali Ray Sandover wa batalioni ya pili aliwaachia watu wake hiari, naye akapanda milimani na waliotaka. Miezi baadaye alitoroka.

Usiku wa mwisho

Sfakia meli zilikuja usiku nne. Zilifika karibu na saa sita usiku na kuondoka kabla ya saa tisa na nusu, ili jua lizikute mbali na ndege. Usiku wa kwanza ziliwachukua watu zaidi ya 1,000, wa pili 6,000, wa tatu ziliwasili manowari mbili tu zikachukua kama 1,400. Admirali Andrew Cunningham, kamanda wa wanamaji wa Uingereza katika Mediterania, alishauriwa asihatarishe meli zaidi. Akakataa: meli, kwa hoja yake, hujengwa kwa miaka mitatu, lakini desturi ya wanamaji kutowaacha askari ingechukua miaka mia tatu kujengwa upya. Waziri Mkuu wa New Zealand, Peter Fraser, aliyekuwa Misri siku hizo, naye alisisitiza safari ya mwisho ichukue watu wengi kadiri iwezekanavyo. Freyberg aliamriwa kuondoka, akachukuliwa kwa ndege ya baharini.

Usiku wa tarehe 31 Mei lindo la mwisho lilikuwa juu ya ukingo, nalo ni batalioni ya 2/7 ya Luteni Kanali Theo Walker, wale wale waliochelewa Maleme na walioinuka na singe kwenye Mtaa wa 42. Waliahidiwa nafasi. Walikaa mpaka wengine wapite, kisha wakaanza kushuka gizani. Njia ilikuwa imezibwa na watu wasio na vikosi, wamekaa, wamelala, wakitumaini kupenya. Waaustralia walisukumana nao hatua kwa hatua, kwa nidhamu, wakafika ufukweni na kusubiri zamu ya mashua. Ndipo wakasikia minyororo ya nanga ikivutwa. Wenzao wachache sana walikuwa wamepanda. Meli ziliondoka na watu karibu 4,000.

Asubuhi ya tarehe 1 Juni, Walker, afisa mwandamizi aliyesalia, alipewa jukumu ambalo hakulichagua. Alipanda njia ileile hadi kijiji cha Komitades na kusalimu amri kwa afisa Mwaustria. Mateka katika kisiwa kizima walikaribia 12,000. Siku hiyo manowari Calcutta, iliyotumwa kuwapokea waliokuwa njiani, ilizamishwa. Meja Ralph Garrett wa wanamaji wa nchi kavu alikataa kujisalimisha. Alichukua mashua ya kushushia askari iliyoachwa ufukweni, akawapakia watu zaidi ya 100, na mafuta yalipoisha wakashona matanga kwa blanketi. Kiasi cha wiki moja baadaye waligota katika pwani ya Misri.

Waliolipa

Mamia waliobaki milimani walilishwa na kufichwa na Wakrete. Abate Agathangelos Lagouvardos wa monasteri ya Preveli aliwahifadhi wengi, mpaka nyambizi Thrasher na Torbay zilipokuja kuwachukua Julai na Agosti. Wakrete walifanya hivyo wakijua malipo yake. Tarehe 2 Juni wanaume wa kijiji cha Kondomari walipangwa mstari na kupigwa risasi kwenye shamba la mizeituni, na askari mmoja wa Kijerumani akapiga picha ambazo zipo hadi leo. Tarehe 3 kijiji cha Kandanos kilichomwa na kubomolewa chote, wakazi wake kama 180 wakauawa, kwa sababu wanakijiji walithubutu kulinda njia yao.

Katika hesabu za kijeshi, askari wapatao 16,500 walifika Misri. Wanamaji walipoteza watu zaidi ya 1,800, manowari kubwa tatu na ndogo sita. Wajerumani walipoteza karibu watu 4,000 kwa kufa na kupotea, na Hitler akaona kwamba siku za askari wa miavuli zimepita. Hawakutumwa tena kwa uvamizi mkubwa kama ule. Divisheni ya New Zealand ilijengwa upya, na kufikia Novemba mwaka huohuo ilikuwa inapigana Libya.

Vita vya Krete husimuliwa mara nyingi kama kisa cha uwanja wa Maleme: nani aliondoka, nani alichelewa, amri gani haikufika. Makosa hayo ni ya kweli na yanastahili kuchunguzwa. Lakini jeshi lililokwisha kushindwa, lisilo na ndege wala malori, lilivuka milima likiwa na adui nyuma yake na halikusambaratika, na sababu ni kwamba kila kituo kilikuwa na watu waliokubali kuwa wa mwisho. Walker na batalioni yake walikaa miaka minne kambini kama mateka kwa kutimiza walichoamriwa. Wanakijiji wa Kandanos walikufa bila kuamriwa na mtu. Kila askari aliyeteremka melini Aleksandria alikuwa na deni kwa watu hao, na anayeihesabu Krete kwa idadi ya waliookolewa peke yake anaacha nje ya hesabu wale waliowezesha wokovu huo.